Santuri ya Mama Kati ya Vioo vya Friji

Baba alipokuja kututembelea Sydney, alibeba santuri kumi na mbili kwenye mkoba wa mkononi, amezifunga kwa leso ya marehemu mama. Zilikuwa za jukiboksi. Kwa asiyewahi kuiona, hiyo ni mashine ya muziki iliyokuwa ikisimama baani: unatia sarafu, unabonyeza namba, na mkono wa chuma unachomoa santuri uliyoitaka. Ujanani Baba alikuwa mhudumu wa baa katika mji wetu wa milimani. Fundi alipokuja kubadilisha nyimbo, zile za zamani alimwachia yeye. Nyingi zilikuwa za kantri, muziki wa mashambani wa Kimarekani, za miaka ya baada ya vita vikuu vya pili, zimejaa treni, farasi na machozi.

Moja kati ya hizo ndiyo mama aliyoichagua kila siku ya soko, kabla hawajaoana. Mashine ya Baba ya kuchezea santuri nyumbani iliharibika zamani, na tangu tumzike mama alikuwa hajausikia wimbo ule.

"Mara moja tu," aliniambia. "Inanitosha."

Jirani yetu hapa Seven Hills, Mkongo anayefanya kazi ghalani kule Ingleburn, alikuwa na mashine. Tukapatana tupitie kwake Jumapili tukitoka kanisani. Nikatia mkoba kwenye buti ya gari.

Kwetu milimani, gari likishinda nje unalikuta lina baridi, na miaka tisa ya Sydney haikuwa imenitoa mazoea hayo. Ilikuwa Januari, ambayo huku ni kiangazi kikali. Ibada yetu Wakenya, ukijumlisha matangazo na chai, ilichukua saa nne.

Tulipofika kwake, jirani ndiye aliyefungua leso. Santuri zilikuwa zimejikunja kama chapati iliyopanda upande mmoja. Baba aliigeuza ya mama mara mbili, akaiweka mezani, akanyamaza.

"Baba, ni mimi. Nilisahau jua."

Jirani akasema, "Nyinyi Wakenya, mnaomba mpaka ugali unaiva ndani ya gari! Papa, ngoja. Hii ni problème kidogo."

Akatoa vioo viwili vya rafu kwenye friji yake, akavifuta. Nieleze alichofanya, maana hata wewe unaweza. Santuri huwekwa katikati ya vioo, vyote vikaanikwa juani. Ikianza kulainika, kioo cha juu huilaza. Kisha unavihamishia kivulini bila kuvitenganisha, unaweka kitu kizito juu, unasubiri vipoe kabisa. Ukiharakisha, itajikunja tena. Ukiichelewesha juani, mifereji ya sauti itayeyuka, na hapo hakuna dawa.

"Tujaribu nyingine kwanza," nikasema.

Baba akainua kichwa. Akachambua zile santuri, akanipa moja. "Anza na huyu mwimbaji anayemlilia farasi wake. Hata akiharibika, farasi hafufuki."

Nilicheka zaidi ya utani wenyewe, kwa kuwa alikuwa amesema neno.

Ya farasi ilinyooka. Ndipo Baba akaweka ya mama kwa mikono yake mwenyewe. Akavuta kiti karibu na vioo, akakataa chakula, akakataa hata kuingia ndani. Kivulini tuliibana kwa pakiti mbili za unga. Kila nilipotaka kugusa aliniambia mimi binti yake, "Bado, mama. Tulia."

Ilipopoa, akachomoa kidude cha plastiki kwenye pochi. Santuri hizi zina tundu kubwa katikati, kwa ajili ya mashine ya baa, na bila kidude hicho haziwezi kukaa kwenye mashine ya nyumbani. Alikuwa ametembea nacho miaka yote hiyo.

Sindano ikashuka. Ikakwaruza, ikapanda na kushuka, halafu gitaa likaingia. Sauti ya mwimbaji iliyumba kidogo kila mzunguko, lakini hakuna neno lililopotea. Nikagundua kwamba nilikuwa nimeushika mkono wa jirani kwa nguvu.

"Papa, anayumba," jirani akasema kwa wasiwasi.

"Mwache. Mama yake huyu angesema jamaa anaimba akiwa juu ya punda." Baba akasikiliza mpaka mwisho, macho yamefumbwa. Kisha akanigeukia.

"Rudia tena," akasema. "Na hicho chakula mlichokuwa mnanisumbua nacho, kiko wapi?"