Ananishukuru kwa Moto Niliouomba kwa Uongo

Admin, naomba unifiche jina. Babati kwenyewe hakuna wageni, wengine mtanitambua kabla ya aya ya pili. Mimi ni mama wa miaka sitini na minane, mjane, nina watoto wanne na wajukuu walionifundisha kusoma ukurasa huu. Visa vyenu vya michepuko huwa navisoma nikacheka peke yangu. Changu hakina mchepuko, lakini kimeninyima raha, na Jumapili hii ndiyo inayonitisha.

Miaka ile ya themanini, wakati wa dhiki ya bidhaa, nilikuwa nimeolewa karibuni, tunaishi Maisaka, binti yangu Anna bado ananyonya. Vijana mtasema naongeza chumvi, na hata hiyo chumvi tulikuwa tunaipangia foleni. Sabuni hakuna, mafuta ya taa hakuna, kibiriti hakuna. Moto tuliombana. Asubuhi unatazama paa la nani linafuka moshi, unachukua kigae chako cha chungu, unapewa makaa mawili matatu, halafu unarudi haraka kuwasha kwako kabla hayajazima.

Mimi nilikuwa naomba kwa jirani yangu, Mama Safari. Jina hilo nimelibadilisha. Alikuwa amenizidi miaka zaidi ya kumi, mwenyeji wa Mbulu, mtu wa maneno machache. Safari alikuwa mtoto wake wa pekee na alikuwa amefariki kwa surua miezi michache nyuma. Mumewe alikuwa kibarua mashamba ya mbali, hivyo yule mama alibaki peke yake na nyumba.

Sasa sikieni ubaya wangu. Mume wangu alikuwa dereva wa lori. Siku moja alirudi kutoka Arusha na katoni nzima ya viberiti, akaifukia ndani ya gunia la mahindi. Huo ulikuwa wakati wa msako wa wahujumu uchumi, na mtu wa mtaa wa pili alikuwa ameshachukuliwa kwa miche ya sabuni. Mume wangu akaniambia, "Mama Anna, hili likitoka nje tumekwisha. Na usiache kwenda kuomba moto. Ukiacha, watajiuliza unawashia nini."

Nikatii. Karibu mwaka mzima nilikwenda na kigae changu kila asubuhi, Anna mgongoni, viberiti vimejaa nyumbani.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mama Anna, moto wako unalalaga wapi wewe?" Alikuwa ananitania hivyo, kisha anapuliza makaa, anachagua yale makubwa.

Mwanzoni nilikwenda kwa maigizo. Baadaye nikaanza kukaa. Nampa Anna ampakate, tunaongea habari za mvua na maharage, wakati mwingine hatuongei kitu. Nilimpenda, na sioni aibu kusema hivyo. Siku nisipokwenda mapema nilikuwa naboronga kila kitu mpaka jioni.

Asubuhi moja ya masika nilikuta mlango wake umerudishiwa na meko yana majivu matupu. Nikarudi nyumbani, nikachoma njiti yangu moja, nikapika uji. Baadaye kidogo namwona anakuja chini ya mvua, kanga yote imeloa, amekumbatia chungu kilichofunikwa. Moto wake ulikuwa umezimwa na paa linalovuja, akaenda kuomba mpaka kijiji cha Nakwa. Kiganja kilikuwa kimeungua. Akanikabidhi kile chungu akasema, "Nisamehe, Mama Anna. Nimekuchelewesha. Mtoto amekula?"

Nikapokea. Nikasema asante. Uji wangu ulikuwa unachemka ndani, na mimi nimesimama mlangoni nimemziba asiingie.

Kesho yake nilifunga kiberiti kimoja kwenye pindo la kanga nimpelekee. Nilifika, nikakaa, nikarudi nacho. Niliogopa jela, nilimwogopa mume wangu. Miaka ikapita, bidhaa zikajaa madukani, woga ukaisha, lakini aibu ikashika zamu. Mume wangu alifariki bila sisi wawili kulitaja tena jambo lile.

Mama Safari Mungu alimjalia watoto wengine watatu. Sasa amefikisha miaka themanini, na Jumapili hii wanamfanyia ibada ya shukrani. Mwezi uliopita nilikwenda kumsalimia. Akanishika mkono mbele ya wanawe, akawaambia maneno ambayo hakuwahi kuniambia miaka yote hiyo: "Nilipomzika Safari sikutaka kuamka tena. Lakini nilijua Mama Anna atakuja na kigae chake, akute meko baridi, mtoto wake akose uji. Ndiyo nikawa naamka. Huyu ndiye aliyeniponya."

Wanawe walilia. Mimi nililia kuliko wao, wakadhani ni furaha. Hapo hapo wakaniomba nisimame kanisani niwasimulie watu habari za ule moto.

Nimemweleza Anna. Amenijibu, "Mama, achana nayo. Unataka kumuua bibi wa watu kwa kiberiti?" Labda ana haki. Nikisema kweli, namwambia mzee wa miaka themanini kwamba mtu ambaye yeye alikuwa akiamka kwa ajili yake hakuwa na shida yoyote, na kiganja kile aliungua bure. Nikinyamaza, nitasimama mbele ya madhabahu nipokee shukrani ambazo si zangu, na yeye amekaa kiti cha mbele ananitabasamia. Kumshukuru natamani sana, lakini nimshukuruje bila kusema kwa nini?

Jana amenipigia mwenyewe. "Mama Anna, usichelewe Jumapili. Nimewaambia wasianze mpaka nikuone umeingia."

Ndugu zangu, mlio wakubwa na mlio wadogo, msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Niambieni tu: nikipewa kile kipaza sauti, niseme nini?