Re ya Kamanthe

Musembi alikuwa fundi seremala wa Kithimani, lakini ukimwuliza kazi yake angekwambia ni mwalimu wa kwaya. Kanisani kwetu kila wimbo uliishia kwa sauti nne pamoja, do, mi, so na do, basi. Musembi alichoka na huo uji usio na sukari. Mwaka wa 1998 alitunga wimbo wa mavuno, na mwishoni akaandika ubaoni do, mi, so, juu yake ti, na juu kabisa re.

Ile ti ilituuma masikio. Re ilipoingia, uchungu ukageuka utamu. Mimi mwimba besi nilisisimka hadi kisogoni. Re aliiimba mtu mmoja tu, Kamanthe, mkewe. Kwa wiki sita walifanya mazoezi jikoni, mume kwenye kinanda chake kibovu, mke kwenye sufuria ya muthokoi, mahindi ya kukoboa.

Siku mbili kabla ya mashindano ya Machakos mjini, mwenyekiti wetu Bartholomew alituita bila Musembi.

"Jaji atasema tumekosea noti. Hiyo ti na re tuache, tumalizie ile tumezoea. Na mwalimu asiambiwe, atakataa."

Kamanthe aliinamisha kichwa, akakubali. Sisi wengine pia. Tulikuwa wanafiki wakubwa, na mimi najihesabu.

Jukwaani, Musembi alipofika mwisho alifumba macho kuingoja re yake. Ikaja do, mi, so na do. Akafumbua macho, akamtazama mkewe. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jaji alikuwa na nakala ya wimbo mkononi. "Hapa niko na re imewekwa vizuri sana. Sikuisikia. Nani alikuwa aiimbe?"

Kamanthe alitazama viatu vyake. Bartholomew, yule msemaji wa juzi, alijisogeza nyuma ya mgongo wangu.

"Ni makosa yangu," Musembi akasema. "Niliandika vibaya."

Tulishika nafasi ya nne. Nje ya ukumbi Kamanthe alimsogelea mumewe. "Baba Mumo, niliogopa watu wakucheke."

"Wiki sita ulikuwa unaniimbia ya nini?"



Musembi aliendelea kutufundisha, ubaoni do, mi, so na do tu. Mwaka uliofuata, kwenye mazoezi ya wimbo uleule, Kamanthe aliiimba re bila kuambiwa, safi kabisa. Nilisisimka tena. Musembi akasimamisha kwaya nzima.

"Mama Mumo," alisema, "hiyo haijaandikwa."