Ubao wa Misumari Miwili

Adelfina wa Kasulo alilima, akasomesha watoto watano na kumzika mume wake kando ya migomba yake. Alipofika miaka sabini na mitatu, kiharusi kilimnyang'anya mkono wa kulia, na mguu ukawa wa kuburuza.

Mwanawe wa mwisho, Sostenes, wakala wa forodha pale Rusumo, alitafuta mtu wa kukaa naye. Yeye mwenyewe hangeweza kumwogesha mama yake, na mkamwana vilevile, adabu haikuruhusu. Alipata wasichana, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alimpa sharti lilelile: mama asiguse kisu wala jembe, majirani wasije wakasema anafanyishwa kazi.

Wa kwanza alimlisha kwa kijiko. Wa pili alimfungia mlango wa jikoni asiingie. Wa tatu, Nice kutoka Lusahunga, alimwita "bibi mtoto" na kumfuta mdomo mbele ya wageni. Adelfina aliwafukuza wote. Sostenes akachoka, akasema mama akishindwana na wa nne, mwisho wa mwezi angemhamishia Rusumo, kwenye chumba kinachotazama barabara ya malori. Mama alitazama kaburi la mumewe.

Wa nne alikuwa Tecla, mama wa makamo aliyewahi kumuuguza mama yake mzazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Na wewe umekuja kunilisha kama kifaranga?"

"Hapana. Nimetembea tangu asubuhi, nina njaa. Hapa nani anamenya ndizi?"

Mgeni akikaa na njaa nyumbani mwako, aibu ni yako, uwe mzima au mgonjwa. Adelfina akaomba kisu.

Tecla alitoa kwenye mzigo wake ubao mdogo uliopigiliwa misumari miwili iliyotokeza juu, akachomeka ndizi juu yake isiteleze. Adelfina alimenya kwa mkono wa kushoto. Ndizi nne zilichukua karibu saa nzima, na ya tatu ilitoka imechongoka kama penseli. Waliila hivyo hivyo.

Tangu siku hiyo Tecla alimsaidia kuoga, kwenda chooni na kufunga vifungo vya gauni, na kila mara aliuliza kabla ya kugusa. Mengine alimwachia mwenyewe.

Jumamosi Sostenes alifika bila taarifa, akamkuta mama yake na kisu mkononi.

"Dada, nilikuleta umsaidie, si umfanyishe kazi," alimwambia Tecla. "Majirani watasemaje?"

"Majirani walikuja jana," mama yake akajibu. "Niliwamenyea. Sostenes, uliniletea watatu wa kunisubiri nife. Huyu ndiye wa kwanza kuniletea njaa yake."

Wako watoto wengi wa namna hii, wanaowaheshimu wazazi kwa hofu ya macho ya watu. Hiyo si heshima. Mzazi aliyenyimwa kazi anayoiweza amezikwa akiwa hai, hata akilala juu ya godoro jipya.

Sostenes akauchukua ubao, akautikisa. Msumari mmoja ulikuwa umelegea. Akaokota jiwe, akaugongelea hadi ukakaza, akamrudishia mama yake, akaketi kungoja chakula.

Habari ya chumba cha Rusumo haikutajwa tena.