Mrushaji Aliyekimbizwa

Mdogo wangu Selpha alikuwa mchezaji wa kulipwa wa besiboli kwa mechi mbili. Mbili tu, na nikikumbuka kwa nini, moyo unanichemka hadi leo.

Mkono wake wa kurusha aliupata kijijini Turbo, kwenye shamba letu la mahindi. Tumbili wakiingia, sisi wengine tulipiga kelele. Selpha aliokota jiwe moja, akalirusha, na tumbili akaenda zake. Kwa hivyo ligi ya wanawake ilipoanzishwa hapa Eldoret, na timu ikatafuta mtu wa kurusha mpira hadi mpinzani mwenye gongo aukose, alipewa mkataba siku hiyo hiyo. Akaacha kuosha vyombo hotelini. "Dada," aliniambia, "mara ya kwanza nalipwa kwa kitu ninachokijua."

Basi akaangukia mikononi mwa Kocha Kinyanjui. Mzee huyu alikuwa amefundisha wakimbiaji miaka ishirini, na kocha wa Eldoret ukimpa timu yoyote, hata ya drafti, atawaamsha wakimbie. Kila alfajiri kilomita kumi na tano. Jumamosi anawapeleka Timboroa kupanda vilima kwenye baridi. Nilimwendea nikamwuliza, "Kocha, si huyu kazi yake ni kusimama mahali pamoja arushe?" Akanijibu, "Mama, pumzi kwanza." Sikio la kufa halisikii dawa.

Na Selpha naye, jameni. Goti lilianza kuvimba wiki ya pili, akalifunga leso akanyamaza. Nikamwambia aseme. "Nitasemaje katika mji huu wa wakimbiaji kwamba mbio zimenishinda?" Haki, nilitaka kumzaba kofi.

Mechi ya kwanza aliwatoa wapigaji kumi na mmoja, uwanja mzima ukasimama. Mechi ya pili, alipokanyaga kurusha mpira wa nne, goti likamwangusha. Daktari alisema kano imekatika, asahau michezo.

Kocha alikuja kwetu, mtaa wa West Indies, na mkate na maziwa. Akatoa pole, halafu, huyo mzee bila haya, akasema, "Goti likipona tutaanza taratibu. Kilomita tano tu."

Nilisimama nimfukuze. Selpha, aliyekuwa hajalizungumzia jambo hilo wiki tatu, akanizuia.

"Kocha," akasema polepole, "ile mechi ya kwanza, uliniona nikirusha?"

Mzee aliinamisha kichwa.

"Nilikuwa naangalia saa," akasema. "Nilikuwa napima kasi ya wanaokimbia."