Gari la Ticha Haule lililotoa moshi mweusi, na jinsi nilivyoponea chupuchupu kupelekwa jikoni

Wakuu, habari za saa hizi.

Mie humu huwa msomaji tu. Naingia, nawasoma mnavyorushiana maneno kuhusu gari za Kijapani, nacheka, natoka. Ila jana kuna kijana kaandika eti ufundi wa injection umeanza Bongo juzi juzi na mashine za diagnosis, zile za kompyuta zinazosoma ugonjwa wa gari.

Nikasema hapana, leo naandika. Nikidanganya popote, wenzangu wa enzi hizo bado wapo, watanisuta.

Mie ni bibi mwenye wajukuu. Miaka ya sabini nilikuwa fundi magari Kinondoni, kwenye gereji ya ushirika. Yaani gereji ilikuwa yetu sote tisa, na kila jambo linaamuliwa kikaoni kwa kunyoosha mikono. Mwanamke nilikuwa peke yangu.

Fundi mkuu alikuwa Mzee Nassoro. Injini za kaburetta alizijua kwa sauti. Gari linapita barabarani, yeye yuko ndani anakunywa maji, anakwambia plagi ya tatu imekufa. Nilimheshimu sana.

Sasa huyo huyo ndiye aliyeleta hoja kikaoni kwamba nihamishiwe jikoni, nipikie mafundi chai na uji. Alisema kwa upole kabisa, eti anaionea huruma mikono yangu.

Wakuu, nilikasirika mpaka masikio yakawa ya moto. Nimejifunza kazi miaka minne, nimelala chini ya malori, halafu uji?

Nikasimama. "Nipeni gari moja, lolote. Nikilishindwa, Jumamosi ijayo nitaenda jikoni mwenyewe, wala hamna haja ya kupiga kura."

Wakacheka. Wakanipa gari la Ticha Haule.

Hapo nieleze kidogo. Ticha Haule alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu wa Songea, mpole. Mzungu aliyekuwa akifundisha naye alipomaliza mkataba alimwachia gari lake. La michezo, jekundu, milango miwili, liko chini kiasi kwamba ukikaa ndani unatazamana na mbuzi.

Halikuwa na kaburetta ya kuchanganyia petroli na hewa. Lilikuwa na injection ya umeme: pampu inasukuma petroli, nozeli nne zinaipuliza kwenye injini, na kuna kisanduku kinachoamua zipulize kwa muda gani. Pale gereji hatukuwa tumewahi kuona kitu kama hicho.

Kwa miezi miwili lilikuwa linatoa moshi mweusi, linanuka petroli, likipata moto linazima. Na linakunywa mafuta balaa! Kumbukeni petroli ilikuwa ya shida, na Jumapili mchana ukifika huruhusiwi kuendesha gari lako. Mafuta ambayo Ticha alitakiwa atumie wiki nzima yalikuwa yanaisha Jumanne.

Mafundi wote walishalijaribu. Wakakubaliana kisanduku kimekufa, kiagizwe Ulaya. Na kuagiza kitu Ulaya wakati ule, wajukuu zangu, andika umeumia.

Siku ya kwanza kisanduku sikukigusa. Nilifungua plagi. Zote nne nyeusi, zote zimelowa.

Nikakaa chini nikafikiri. Ingekuwa nozeli moja inavuja, plagi moja ndiyo ingelowa. Kama zote nne zinaumwa sawasawa, basi ugonjwa uko kwenye kitu zinachochangia. Na zinachangia vitatu: kisanduku, sensa ya kupima joto la injini na presha ya petroli.

Nikaanza na sensa, maana ikidanganya kwamba injini bado ya baridi, kisanduku kinamimina mafuta tu. Nikaifungua, nikaitumbukiza kwenye sufuria ya maji jikoni, nikaazima mita ya umeme kwa fundi redio wa jirani. Maji ya baridi, mita inasoma juu. Yakichemka, inashuka taratibu. Sensa ni nzima.

Mmoja akapita akaniuliza, "Sista, umeshaanza kupika?" Nikamwambia aongeze mkaa.

Siku ya pili, presha. Geji ya kazi hiyo hatukuwa nayo. Nikang'oa geji ya pampu ya mguu ya kujazia tairi, nikaiunga kwa mpira kwenye bomba la nozeli. Ndani ya gari kulikuwa na kitabu cha Kijerumani. Sikuelewa neno hata moja, lakini namba ni namba. Kwenye picha ya lile bomba palikuwa na mbili, kwa kipimo chao cha bar, ambayo kwa paundi za geji yangu ni kama thelathini.

Nikawasha. Mshale ukapita thelathini, ukapita sitini, ukaenda kugota mwisho! Mpira ukaanza kuvimba, nikazima haraka.

Nikapiga kelele peke yangu kama chizi. Petroli inasukumwa kwa nguvu kupita kiasi, kisanduku hakina kosa.

Kwa wasiojua: gari za kaburetta tulizozizoea zilikuwa na bomba moja la mafuta, kutoka kwenye tangi kwenda mbele. Hili lilikuwa na mawili. La pili linarudisha petroli iliyozidi kwenye tangi, ndipo presha inakaa sawa. Nikaingia chini, nikalifuata hilo la pili kwa kidole.

Karibu na tangi nikalikuta limepondwa kwa koleo, likakunjwa, likafungwa kwa mpira wa tyubu. Kazi safi kabisa. Fundo lile pale gereji alikuwa analifunga mtu mmoja tu.

Nililala pale chini muda mrefu. Ningeweza kuita gereji nzima ije ione, na moyo ulitaka sana, sitawadanganya. Nikatoka nikamfuata Mzee Nassoro peke yake.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Umeshindwa?"

"Naomba uje uone kitu."

Akaingia chini ya gari. Akalipapasa lile fundo, akasema, "Hili nililibana mimi, kabla halijaanza kutoa moshi. Niliona petroli inakwenda mbele kisha inarudi nyuma, nikasema upotevu huu ndio unaommaliza Ticha. Nilitaka kumsaidia."

"Najua, Mzee."

Akaniomba msumeno. Akakikata mwenyewe kipande kilichopondwa, tukaunga mpira mpya, nikasugua plagi, nikawasha.

Mshale ukapanda mpaka thelathini, ukasimama. Moshi ukatoka kidogo, wa mabaki, ukakata. Injini ikatulia tuli. Wenzangu wakaacha vyuma wakaja kutazama, na nilifurahi jamani, nilifurahi!

Ticha akaliendesha mpaka Mbezi na kurudi kwenye jua kali. Halikuzima hata mara moja. Alishuka anacheka huku anafuta machozi.

Jumamosi, kikao. Mzee angeweza kunyamaza, maana tulikuwa tunajua wawili tu. Akasimama.

"Gari la Ticha nililiua mimi kwa kudhani naokoa mafuta. Zuhura kalifufua, na akanisitiri. Anayetaka Zuhura aende jikoni anyooshe mkono, nimwone."

Hakuna aliyejikuna hata pua.

"Basi chai tutapika kwa zamu. Jumatatu naanza mimi."

Ilikuwa mbaya ile chai, wakuu, mbaya kweli kweli. Niliomba kikombe cha pili.

Nilichojifunza: kabla hujalaumu kisanduku, uliza nani aliligusa gari mara ya mwisho, na alikuwa anajaribu kusaidia nini. Na ukimkuta mwenzio kakosea kwa nia njema, mwambie pembeni. Mtu mzima anajua kusimama mwenyewe.

Haya, nyie mliowahi kukuta bomba limebanwa, waya umeungwa kienyeji au kitu kimezibwa na "fundi mzoefu", tupeni mikasa. Na yule kijana wa mashine za diagnosis aje kwanza, nina swali kwake.