Gari ya Saidi Juu ya Matofali

Mimi si mtu wa kuona vitu. Muulize yeyote wa Ibra, huku Arabuni, aliyeniletea gari miaka ile ya themanini mwanzoni: nilikuwa fundi, mbishi, na nikisikia habari za majini hucheka mpaka watu wakakasirika. Basi hili nisemalo nimeliona kwa macho haya mawili, sina homa wala usingizi. Ukitaka kucheka, cheka. Nami nilikuwa nikicheka.

Bi Zuweina tulitoka naye Unguja, mtaa mmoja. Mwanawe, Saidi, alikuwa na gari nyeusi ya Kiingereza, kuukuu, ya miaka ya hamsini. Aliinunua imekufa, nami nikamsaidia kuifufua. Siku moja homa ya ghafla ikamshika, na kabla ya magharibi tulikwisha mzika. Nilibeba jeneza mwenyewe. Lakini mama yake hakukubali matanga. Watu wa huku wana imani yao, kwamba mtu aweza kuchukuliwa na wachawi, nyinyi mkazika kitu chenye sura yake, naye yu hai pahala anatumikishwa. Humwita mughayyab. Bi Zuweina aliishika imani hiyo kwa meno. "Mwanangu hakufa," akisema, "kafichwa, na iko siku atarudi." Sisi wenziwe tulimwonea huruma mbele yake, na nyuma yake tukasema mengine.

Mwaka wa pili, baridi ilipokaribia, akaniita. Alikuwa anakwenda Sur kwa binti yake mjamzito, harudi mpaka baridi iishe. Mvua za baridi huteremsha mafuriko katika wadi, lile korongo kavu la mto, na gari ilikuwa ikilala uani, karibu nalo.

"Niwekee vizuri, fundi. Akirudi aikute nzima."

"Inshallah, Bi Zuweina," nikamjibu, ili kumridhisha tu.

Nikaiingiza katika ghala la udongo, upande wa juu, nikatia komeo kwa ndani upepo usiniletee vumbi. Tangi nikalijaza petroli lisishike kutu, oili chafu nikaimwaga nikatia mpya, plagi nikazifungua nikadondosha oili kidogo katika silinda, betri nikaitoa. Ekzosi nikaiziba kwa kitambaa, panya wasije wakazaa humo. Kisha nikapiga jeki, nikaipandisha juu ya matofali, matairi yasibonyee. Ilikuwa baada ya adhuhuri, saa ambayo mji mzima hulala. Nikajiingiza chini ya gari kutia grisi.

Hapo ndipo nilipoiona miguu.

Miguu mitupu, upande wa mlango wa dereva, imejaa vumbi jeupe. Nikashangaa, komeo si nimetia mwenyewe? Kisha nikaona kidole gumba cha kushoto hakina ukucha. Ukucha ule niliuondoa mimi: jeki iliniponyoka tulipokuwa tukiitengeneza gari ile, ikamwangukia Saidi.

Nikaiweka chini pampu ya grisi, polepole.

"Ami," ikaita sauti. Ilikuwa yake, ila imekauka. Ibra nzima ni yeye peke yake aliyekuwa akiniita ami.

Sasa nisikilize. Sisi tuliolelewa Unguja tumefunzwa na bibi zetu: ukiitwa na mtu usiyemwona uso, usiitike, ngoja mara ya tatu. Shetani huita mara mbili, binadamu ndiye afikaye ya tatu. Nikauma ulimi, nikangoja.

"Ami, nitoe."

Hiyo ya pili. Mguu ulikuwa shubiri moja na mkono wangu. Nikasoma Ayatul Kursi moyoni, nakosea, naanza upya, jasho linaniingia machoni. Nikaingoja ya tatu. Haikuja. Visigino vikanyanyuka, kama mtu anayevutwa kwa nyuma, na pale pakawa patupu.

Nilitoka adhana ya alasiri ilipolia. Komeo lilikuwa pale pale. Nyayo zilitoka mlangoni zikaishia penye gari. Za kurudi hazikuwapo.

Ningeweza kunyamaza. Lakini nilikwenda kwa Bi Zuweina nikamweleza yote, naye akanisikiliza, mikono imo ndani ya sanduku la safari.

"Ukamwitikia?"

"Sikuitika, Bi Zuweina. Nilingoja ya tatu."

"Aliyefichwa hana ya tatu," akasema. "Wenye nchi yao wameniambia. Hupewa pumzi ya kuita mara mbili. Ukimwitikia, ukamshika, khalasi, kafunguka. Alikuwa mbali nawe?"

"Shubiri moja."

Hakunilaani. Bora angenilaani. Alikaa kitako, kisha akaniuliza: "Alikuwa amekonda?"

Sur hakwenda. Mjukuu wake alizaliwa yeye hayupo. Aliniambia niishushe gari, nirudishe betri, na kila mchana, watu wakilala, akakaa kwenye kiti mlangoni mwa ghala, baridi ile na za baadaye, mpaka alipokufa. Hakuitwa hata mara moja.

Nami mpaka leo sijui kama alikuwa Saidi au kitu kingine kilichovaa miguu yake. Nikiitwa huitika mara ya kwanza, hata nikiwa msalani, na mke wangu hunicheka. Nawe usiseme hukuambiwa: likikufika, uliyemzika akakuita, utaogopa, na huenda ukaponzwa na kuitika. Huenda. Lakini itika. Mimi sikuponzwa na lolote, nimezeeka salama, na sijapata usingizi wa mchana tangu siku ile.