Loki ya Kulia

Watu wakisikia kwamba enzi zile tulikuwa tukipanda vilima na Landrova kila Jumamosi, wanadhani tulikuwa na raha sana. Mimi nakumbuka uchovu. Nakumbuka mgongo, na matope yaliyoingia mpaka kwenye soksi, na mke wangu akinipokea mlangoni bila kuuliza habari za safari kwa sababu jibu alikuwa analiona kwenye suruali.

Tulikuwa watatu, kila mmoja na gari lake bovu. Mwalimu ndiye aliyekuwa mkubwa wetu, alifundisha hesabu sekondari. Fundi alikuwa mwenyeji, mtoto wa wakulima wa Dareda, na gereji yake ilikuwa Maisaka chini ya mabati manne. Mimi nilihamishiwa Babati mkoa ulipoanzishwa, nikawekwa masjala, katika ofisi ambayo miezi ya mwanzo ilikuwa na mafaili mengi kuliko viti. Kwa hiyo wakaniita Mkoa. "Mkoa, leta kamba." "Mkoa, gari lako linalia kama mbuzi." Sikuwa naipenda sana michezo ile, nasema ukweli. Lakini nilikuwa mgeni nisiye na ndugu mjini, na hawa wawili ndio walionigongea mlango.

Tulitoka asubuhi, tukapita Nakwa au Sigino, kisha tukaacha barabara na kufuata njia za mikokoteni kuelekea vilimani. Hatukuwa tunaenda popote. Wakulima waliokuwa wakipalilia mbaazi walidhani tumekuja kupima viwanja, maana miaka ile kila gari lililoingia shambani lilikuja kwa kazi hiyo. Mama mmoja alimwuliza Mwalimu, "Sasa baba, mnapanda huko kufanya nini?" Mwalimu akamjibu, "Tukishafika tunashuka, mama." Yule mama alicheka mpaka akaweka jembe chini. Mimi sikucheka, kwa sababu hilo lilikuwa jibu la kweli.

Magari ya zamani yale hayakuwa na kitufe cha kubonyeza ili matairi yote manne yavute. Ilibidi ushuke, uiname kwenye tairi la mbele, uzungushe kwa mkono kidude kilichopo katikati yake, kisha uende upande wa pili ufanye vilevile. Kidude hicho tulikiita loki. Ukifunga moja ukaacha nyingine, ni sawa na hujafunga kitu, matairi ya mbele hayavuti. Na kila mmoja wetu aliwahi kusahau za kwake. Ndipo Mwalimu akaleta utaratibu wake: kila mtu afunge loki za mwenzake. Fundi alifunga zangu, mimi nilifunga za Mwalimu, Mwalimu akafunga za Fundi. Ukimaliza unapiga boneti mara mbili, na mwenye gari anapanda. Kushuka kukagua ilikuwa mwiko. Ukishuka, umemwambia mwenzako humwamini.

Siku ninayoisema ilikuwa baada ya mvua ya usiku kucha. Wiki nzima nilikuwa nimebeba mafaili kutoka chumba kimoja kwenda kingine, na asubuhi ile tulikuwa tumeshakwama mara tatu. Tulifika chini ya mwinuko mmoja wa udongo mwekundu, mkali, wenye korongo upande wa kushoto. Mwalimu alitakiwa kutangulia. Nikafunga loki yake ya kushoto. Nikazunguka kulia, nikakuta tairi limesimama kwenye dimbwi, na loki imezibwa na matope. Goti liliniuma. Nilisimama pale nikajiambia kwamba huenda ilibaki imefungwa tangu mwinuko uliopita. Huenda. Nikarudi mbele ya gari, nikapiga boneti mara mbili.

Mwalimu alinipungia mkono, akapanda. Katikati ya mwinuko matairi ya nyuma yalianza kuzunguka bure, gari likasita, likaanza kurudi kinyumenyume taratibu, kisha si taratibu tena. Liliingia korongoni likalala ubavu. Fundi alikimbilia upande wa dereva akimwita Mwalimu kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena. Mimi nami nilikimbia. Nilikimbilia kwenye tairi la kulia.

Loki ilikuwa wazi. Nikaifuta matope kwa kiganja, nikaizungusha, ikaingia bila shida yoyote. Kisha nikaenda kusaidia kumtoa Mwalimu, ambaye mguu wake ulikuwa umevunjika chini ya goti.

Kesho yake Fundi alienda kulivuta gari. Alikagua loki, akakuta zote mbili zimefungwa. Sasa, Alhamisi ya wiki ileile alikuwa amezifungua loki hizo kipande kwa kipande gereji, akazisafisha na kuzirudishia. Kwa hesabu yake, kama zilikuwa zimefungwa na hazikushika, basi alikosea yeye. Alikuja wodini akasimama mbele ya kitanda cha Mwalimu, kofia mkononi. "Mwalimu, nisamehe. Ni mkono wangu." Mwalimu akamwambia, "Yamepita, Fundi. Kaa." Mimi nilikuwa nimekaa pembeni nimeshika chupa ya chai. Nikammiminia Fundi kikombe.

Hiyo chai ndiyo ninayoionea aibu kuliko hata ile loki.

Mwalimu alipona, akabaki anachechemea kidogo, akauza gari bila manung'uniko. Safari zikaisha. Kusema kweli nilishukuru kupata Jumamosi zangu. Lakini Fundi alianza kuwarudisha wateja bila kugusa magari yao. Loki zile alizing'oa kabla gari halijauzwa, akazifungua mezani mara nyingi, akatazama kila kipande, hakuona kosa, na kutoona kosa ndiko kulikomvunja. Mwishowe aliacha magari kabisa, akanunua mashine ya kuchomelea, akaanza kutengeneza madirisha na mageti. Mji ulikuwa unakua, kazi haikukosekana. Akimaliza dirisha aligonga kila ungio kwa nyundo, anarudia tena, anarudia tena, na mwenye dirisha amesimama anasubiri. Mimi nilipita pale karibu kila wiki nikitoka kazini. Nilikaa kwenye kigoda, nikapewa chai, tukazungumza habari za mpira na za mvua. Kila wiki nilienda nikiwa nimejiandaa kusema, na kila wiki nilirudi na siri yangu nyumbani. Sijawahi kubeba faili zito kama hilo.

Miaka ikapita hivyo. Alasiri moja nilikuwa pale kuangalia geti langu alilokuwa akilitengeneza. Akasimama mzee mmoja na Landrova chakavu, akamwambia Fundi kwamba ameelekezwa kwake, gari linasumbua loki za mbele. Fundi hakunyanyua hata kichwa.

"Shikamoo mzee. Hiyo kazi mimi siiwezi."

"Marahaba. Mbona wanasema wewe ndiye uliyekuwa bingwa?"

"Nilishawahi kukosea, mtu akavunjika mguu. Siiwezi."

Mzee akaondoka. Nikasikia gari lake likihangaika kuwaka, likawaka, likaenda. Nilikuwa nimechoka, nimechoka kweli, nikasema bila kujiandaa.

"Fundi. Loki ya kulia ilikuwa wazi siku ile. Sikuifunga. Niliizungusha mimi baada ya gari kuanguka."

Akazima mashine. Akavua miwani yake ya kazi. "Rudia."

Nikarudia. Hakuuliza kwa nini. Aliitazama mikono yake, upande huu na upande huu.

"Kwa hiyo niliirudishia sawasawa."

"Sawasawa kabisa."

Alitoka nje haraka, akasimama kando ya barabara, akatazama upande wa stendi, akatazama upande wa pili. Mzee wa Landrova alikuwa ameshapotea. Fundi alisimama pale muda mrefu, na mimi nikabaki kwenye kigoda chake nisijue niinuke au nikae. Aliporudi hakuwa na hasira usoni, na ningeitaka hasira hiyo.

"Ulikuwa unakaa hapo," akasema, "unaniona nawarudisha watu."

"Ndiyo, Fundi."

"Na chai unakunywa."

"Ndiyo."

Akavaa miwani yake, akainamia kazi.

"Geti litakuwa tayari Ijumaa," akasema. "Tuma mtu aje kulichukua."